Heshima na Kipimo

Miongoni mwa mafunzo ya kwanza ambayo mtoto hupewa, kabla hajajua kusoma wala kuhesabu, ni kumheshimu aliyemtangulia kuzaliwa. Huambiwa asimkatize mkubwa asemapo, asimwite kwa jina lake tupu, ampokee mzigo wakutanapo njiani, na ampishe kitini aingiapo nyumbani. Mafunzo haya ni mema. Nchi ambayo wazee wake hudharauliwa na watoto ni nchi iliyotupa hazina yake yenyewe, maana mzee ameona misimu mingi ya njaa na ya shibe, naye ajua mambo ambayo kijana hatayajua mpaka yamgharimu. Ndipo wahenga wakasema kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sina nia ya kubishana na wahenga. Lakini liko swali moja ambalo methali hiyo hailijibu, nalo nataka kulipima katika kurasa hizi: mkubwa akikosea mbele ya macho yako, nawe umeliona kosa lake, je, kunyamaza kwako ni heshima?

Swali hili halikunijia kutoka katika kitabu. Lilinijia katika mtaro, nikiwa nimeshika utepe wa kupimia, viatu vyangu vimejaa vumbi.

Kiambere ni sehemu ya nchi ya Wambeere, katika Kaunti ya Embu, mahali ambapo mto Tana huyaacha mbali mashamba ya chai na kahawa na kupita katika nchi kavu ya migunga, mawe na mbuzi. Hapo mto ulizuiwa kwa ukuta wa bwawa, na mwaka 1988 kituo cha umeme cha Kiambere kikaanza kazi, kikiwa cha tano katika mfululizo wa vituo vikubwa vya mto huo ujulikanao kwa jina la Seven Forks, ambao wa kwanza wake, Kindaruma, ulianza mwaka 1968. Leo mitambo miwili ya Kiambere huweza kutoa megawati 168. Nyuma ya ukuta limetanda ziwa, na maji yake huvutwa kwa mabomba mpaka Mwingi, ng'ambo ya mto, katika Kaunti ya Kitui. Mgeni alionaye ziwa hilo kutoka kilimani husema kwamba watu wa hapa hawawezi kuijua kiu. Mgeni huyo hajapanda mlima na dumu la lita 20 mgongoni, wala hajaambiwa kwamba ndani ya maji yale wamo mamba.

Shule niliyofundisha nilipotoka chuo cha ualimu ilikaa juu ya mwinuko mmoja katika nchi hiyo. Wazazi walichanga fedha, mfadhili mmoja akaongeza, na ikaamuliwa kwamba pampu iwekwe ufukoni, na bomba la chuma cha pua la inchi 4 lipandishe maji mpaka kwenye tangi, kimo cha mita 80 juu ya ziwa. Hapa yanipasa nimwombe msomaji anivumilie nieleze kazi yenyewe, kwa kuwa asiyeijua kazi hawezi kuona mahali kosa lilipokaa.

Bomba la chuma huuzwa likiwa limenyoka, urefu wa mita 6. Nchi haikunyoka. Pale ambapo bomba lililotoka bondeni lilikutana na bomba la kupanda mlima, palihitajiwa mpindo wa nyuzi 30. Kona ziuzwazo dukani kwa kawaida ni za nyuzi 90 na za nyuzi 45. Anayetaka ya nyuzi 30 hana budi kuikata mwenyewe kutoka katika kubwa. Basi kukata bomba lililonyoka ni kazi nyepesi: zungusha ukanda wa karatasi nzito juu yake mpaka ncha zake zikutane sawasawa, piga chaki ukingoni, kata. Kukata lililopindwa ni kazi nyingine kabisa. Kona ina mgongo na ina tumbo. Mgongo ni upande wa nje wa mpindo, nao ni mrefu. Tumbo ni upande wa ndani, nao ni mfupi. Katika kona ya kawaida ya inchi 4, fundi atakaye nyuzi 30 hupima karibu mm 110 mgongoni, mm 80 ubavuni na mm 50 tumboni, kisha huziunganisha alama hizo kwa mstari mmoja unaozunguka. Mwanafunzi ajuaye kutafuta urefu wa tao la duara aweza kuzihakiki hesabu hizi mwenyewe: kipenyo cha nje cha bomba ni mm 114.3, na mstari wa katikati ya mpindo una nusu kipenyo cha mm 152.4. Alama moja ikikosewa, mkato hauelekei tena kwenye kitovu cha mpindo, na uso wake hukaa upande. (Niliwahi kuwapa wanafunzi hesabu hii bila ya kuwaambia kuwa ni ya bomba, wakanung'unika kwamba haina faida yoyote duniani.)

Baada ya kukatwa, kona hukaguliwa. Chuma kikipindwa, mgongo huvutwa ukawa mwembamba, tumbo hushindiliwa likawa nene, na pengine likafanya makunyanzi. Na mdomo uliokuwa mviringo huweza kupata umbo la yai. Kwa hiyo mkaguzi huutazama unene wa mgongo, huupima mdomo mara mbili, kwa wima na kwa mlalo, hupitisha kidole ukingoni kutafuta mabonge yaliyoachwa na moto wa gesi, hupima pembe ya mkato, kisha huijaribu kona mahali pake kabla moto wa kuchomelea haujawashwa. Hapana katika haya jambo lihitajilo shahada. Yahitaji macho, utepe na subira, na hiyo ya tatu ndiyo adimu.

Fundi wetu alikuwa mzee wa mvi, mtu wa watu, aliyefanya kazi ya chuma tangu kabla mimi sijazaliwa. Vijana wake wawili walimwita baba, nasi walimu tulimwita mzee. Kamati ya shule ilinipa mimi kazi ya ushahidi: kushika utepe, kuandika vipimo katika daftari, na mwisho kutia sahihi yangu kwamba kazi imefanyika ipasavyo. Usiku uliotangulia siku ya kukata kona niliifanya hesabu ile kwa mwanga wa taa, nikaiandika pembeni mwa ukurasa. Asubuhi mzee alipima mgongo: mm 110, sawasawa kabisa. Kisha akaiegemeza kona juu ya jiwe, akafumba jicho moja, akapiga chaki upande wa tumbo kwa kukadiria. Nikanyosha utepe wangu. Nikasoma mm 58 mahali palipostahili mm 50. Nikafungua kinywa, naye mzee, bila ya kunitazama, akasema, "Mwanangu, mkono huu umekata kona nyingi kuliko vitabu ulivyosoma." Vijana wakacheka. Nikafunga kinywa. Katika daftari sikuandika 58, wala sikuandika 50. Niliacha nafasi.

Tofauti ya mm 8 ni unene wa penseli. Lakini mdomo wenyewe una upana wa mm 114 tu, na mm 8 katika mm 114 ni mgeuko wa nyuzi 4. Na nyuzi 4, ukizifuata mpaka mwisho wa bomba la mita 6, ni zaidi ya mm 400, karibu dhiraa nzima. Ndivyo ilivyokuwa. Kona ilipokwisha kuunganishwa upande wa chini, na bomba kuelekezwa mlimani, mdomo wake wa juu ulikwenda kutazama mahali pake peke yake, dhiraa moja mbali na mdomo uliokuwa ukiungojea. Hapo palikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kukata tena, yaani kupoteza kona moja na mchana mmoja. Ya pili ilikuwa mnyororo. Mzee alichagua mnyororo. Ulifungwa katika shina la mgunga, ukakazwa kwa mtarimbo, na bomba likasogea likilia, kidole baada ya kidole, mpaka midomo miwili ikakutana. Moto ukawashwa. Mshono ulipopoa ulikuwa mzuri. Sijaona mzuri kuliko ule. Mnyororo ukafunguliwa, na bomba halikurudi, maana sasa lilikuwa limefungwa ncha zote mbili. Tukafukia.

Jumamosi ilikuwa siku ya wageni, kwa hiyo jaribio la shinikizo liliachwa. Maji yakatoka, watu wakapiga vigelegele, nami nikatia sahihi.

Chuma kilichopindwa kwa nguvu bila ya kupita kikomo chake hutaka kurudi kilikotoka, nacho hutaka hivyo mchana na usiku, hakichoki. Kwa hiyo mshono ule ulibebeshwa mizigo miwili. Wa kwanza ulikuwa wa haki yake: shinikizo la maji, ambalo kwa kimo cha mita 80 ni kama kilo 8 kwa kila sentimita ya mraba, na katika kona ya namna ile husukuma kuelekea nje kwa nguvu ipitayo kilo 300, uzito wa watu wazima wanne au watano. Wa pili haukuwa wake: ile hamu ya bomba ya kurudi. Na kila pampu ilipowashwa na kuzimwa, pigo la maji lilipita ndani likagonga mahali pale pale. Mwezi wa tano ufa ulifunguka kando ya mshono, usiku, na kulipopambazuka tangi lilikuwa tupu na bonde limekuwa tope. Twaambiwa kwamba tusipoziba ufa tutajenga ukuta. Methali hiyo yahusu ufa uonekanao. Ule wetu ulizaliwa siku ya mnyororo, ukakaa gizani miezi mitano.

Muhula mzima wanafunzi walirudi ziwani na madumu yao. Nilijipa mwenyewe kazi ya kusimama langoni kila jioni na kuwahesabu waliorudi. Wakienda 34, niliwahesabu 34, ndipo nikaweza kwenda kula. Jioni moja nilipata 33. Nikawapanga mstari, nikahesabu upya, nikapata 33. Yule aliyekosekana alikuwa ameketi njiani kuchomoa mwiba, naye alifika akichechemea, dumu lake kichwani, baada ya dakika kumi hivi. Msomaji, sitaweza kukueleza dakika hizo kumi.

Nilikuwa nimenyamaza kwa heshima. Ndivyo nilivyojiambia mtaroni, na ndivyo ningalimjibu mtu yeyote aliyeniuliza. Lakini pale langoni niliichambua heshima ile kama mtu achambuavyo mchele, na mawe niliyoyapata yalikuwa mengi. Jiwe la kwanza lilikuwa kicheko cha wale vijana wawili. Niliogopa kuchekwa tena. La pili lilikuwa sifa yangu. Sikutaka isemwe kijijini kwamba mwalimu mgeni ana kiburi cha masomo. Haya mawili ni hofu tupu, nayo ilikuwa imevaa nguo ya adabu. La tatu lilinichukua siku nyingi kulitambua, na ndilo zito. Nilikuwa nimemdhania mzee kuwa ni mtu asiyeweza kustahimili kuambiwa kweli. Sasa fikiri: ni watu gani ambao sisi huwaficha kweli kwa kuwahurumia au kwa kuwaogopa? Ni watoto wadogo, wagonjwa mahututi, na wafalme wabaya. Katika makundi hayo matatu, nilikuwa nimemweka mzee wangu katika lipi? Nilimpisha kitini, nilimpokea mfuko wa vyombo, nilimwamkia kwa unyenyekevu kila asubuhi, na moyoni mwangu nilikuwa nimemshusha chini ya mtu mzima. Na asemaye kwamba ukubwa ni jaa amesema kwamba mkubwa anaweza kutupiwa mengi na akayapokea; mimi sikumpa mkubwa huyu nafasi ya kupokea hata nane za milimita.

Wala tusidhani kwamba haya ni mambo ya nchi kavu isiyo na wahandisi. Mwaka 1974, katika kiwanda cha kemikali cha Nypro huko Flixborough, Uingereza, matangi sita makubwa yalikuwa yamepangwa mfululizo, kila moja likiwa chini kidogo ya lililolitangulia. Mwezi wa Machi tangi la tano lilionekana kuwa na ufa wa karibu mita 2. Liliondolewa, na ili kazi isisimame ilitengenezwa njia ya kupitisha kemikali kutoka tangi la nne moja kwa moja mpaka la sita. Kwa kuwa matangi hayo mawili hayakuwa na kimo kimoja, bomba halikuweza kunyoka. Lilikatwa vipande na kuchomelewa likiwa na mipindo, likashuka kama ngazi ya daraja moja. Mchoro wake pekee ulipigwa kwa chaki juu ya sakafu ya karakana. Hapakuwa na mtu aliyefanya hesabu ya nguvu ambazo bomba la umbo hilo lingezipata likijaa shinikizo, na nafasi ya mhandisi wa mitambo, ambaye kazi yake ingalikuwa kuuliza, ilikuwa wazi wakati huo. Lilijaribiwa kama linavuja, likaonekana halivuji. Lilidumu miezi miwili. Jumamosi, tarehe 1 Juni, lilitoka mahali pake, wingu la mvuke likatanda na kushika moto, na watu 28 wakafa. Lau ingalikuwa siku ya kazi kamili, wangalikufa wengi zaidi, maana ofisi nyingi zilikuwa tupu.

Niisomapo habari hiyo, simwoni mtu mwovu ndani yake. Naiona chaki sakafuni, na watu wengi wakiipita, kila mmoja akidhani kwamba kuuliza ni kazi ya mwenziwe.

Hata hivyo, nisije nikamfanya kijana kuwa hakimu wa dunia. Yuko kijana aliyesoma kitabu kimoja akawa anarekebisha kila mtu, hata bibi yake anavyopika uji; huyo ni adha, na nyumba alimo haina amani. Nami lazima nikiri jambo ambalo laipunguza hukumu yangu juu ya kimya kile. Katika kazi ile ile, mara mbili nilidhani mzee amekosea, nikapima kwa siri, nikakuta mimi ndiye niliyekosea. Alikuwa akiligonga bomba kwa nyundo ndogo, akasikiliza, akalikataa. Nami nilipolitazama ncha kwa ncha sikuona kasoro, mpaka lilipokatwa tukaona kutu imelila kwa ndani. Sikio lile halikuwa na kitabu. Basi yule aliyenambia kwamba mkono wake umekata kona nyingi kuliko vitabu vyangu hakuwa akijisifu bure, na nilipofunga kinywa nilikuwa na sababu mojawapo iliyo njema: mara mbili nilikuwa nimekosa, na huenda hii ingekuwa ya tatu.

Lakini zile mara mbili nilipima. Mara ya tatu pia nilipima, na utepe ulinena waziwazi. Sikumshuku mzee peke yake. Niliushuku utepe, kwa kuwa kuushuku utepe kulikuwa rahisi zaidi. Sishauri, basi, kwamba kijana aseme kila alionalo. Nashauri kwamba apime kila alionalo, na akiisha kupima akionyeshe kipimo. Hapa ndipo niionapo fadhila kubwa ya vyombo hivi vidogo, utepe na timazi na pimamaji. Havijui umri. Havikumbuki nani alimfundisha nani. Nikimwambia mzee, "Umekosea," nimepanda juu yake, na vijana wake wamesikia. Lakini nikimwambia, "Mzee, hapa nasoma hamsini na nane, hebu nisomee na wewe, huenda macho yangu si mazuri," nimemwita asimame kando yangu, na sote wawili twatazama kitu kimoja. Akisoma 58, amejirekebisha mwenyewe. Akisoma 50, nimejirekebisha mimi, na hapana aliyeshushwa. Watatokea wanafunzi werevu watakaouliza kama lile neno la macho si uongo, kwa kuwa macho yangu yalikuwa mazima. Pengine ni uongo kidogo. Nawaachia walijadili darasani.

Kama kipimo kingekuwa chatosha kwa kila jambo, ningaliishia hapo. Lakini kiko kitu ambacho utepe hauwezi kukiona, nacho ndicho kilichoniondolea usingizi. Tuseme kwamba, siku moja baada ya mshono ule kupoa, mkaguzi mwaminifu angaliletwa kutoka mjini na kusimama mtaroni kabla hatujafukia. Angalipima midomo: imekutana. Angalitazama mshono: umejaa, hauna tundu. Angaliweka pimamaji, angalinyosha uzi, na kila kitu kingalikuwa mahali pake. Angalipitisha kazi ile kwa dhamiri safi. Nguvu iliyotumika kulivuta bomba haikuacha alama yoyote ambayo macho na utepe vingeweza kuisoma. Iliandikwa mahali pamoja tu, katika vichwa vya watu wanne waliokuwapo: mzee, vijana wake wawili, na mimi. Vijana walikuwa wakila mkate wa mzee. Mimi sikuwa nikila mkate wake. Niliwekwa pale kwa ajili hiyo hasa. Kipimo humkagua aliyekata, lakini hapana kipimo kimkaguacho shahidi. Na shahidi aliyenyamaza ni kama ufa ulio ndani ya chuma: waweza kupaka rangi juu yake.

Nimeulizwa na rafiki mmoja nani mwenye lawama kubwa zaidi, mzee aliyekata au mimi niliyetia sahihi. Sioni faida ya kuigawa lawama kama nyama. Mzee alikosa kwa mkono, na mkono huchoka. Mimi nilikuwa na daftari. Nimeandika mambo mengi ya kipuuzi katika maisha yangu, lakini ile nafasi tupu niliyoiacha kati ya neno "tumbo" na neno "mm" ndiyo uongo mkubwa kuliko yote niliyopata kuyaandika.

Muhula ulipokwisha tulifukua. Mzee alikuja mwenyewe, wala hakutaja ujira. Aliinama juu ya ufa muda mrefu, akaupitisha ukucha wake, akasimama. Nikaona kwamba nikingoja zaidi sitasema tena maishani mwangu, nikamwambia habari ya 58. Nikamwonyesha daftari, na ile nafasi.

"Mbona hukuniambia?" akauliza.

"Nilikuheshimu, mzee."

"Uliniheshimu," akarudia polepole, macho yake kwenye ukurasa. Hakukasirika, na afadhali angalikasirika. Kisha akanirudishia daftari, akasema, "Shika utepe, mwalimu."

Kona ya pili ilipimwa na watu watatu. Kila alama niliisoma mimi kwa sauti, akaisoma yeye, akaisoma kijana wake mdogo, ambaye siku ile hakucheka. Mgongoni tulipata 110 sote. Tumboni mimi nilisoma 53. Mzee akasogea, akakunja macho, akasoma 53. Akalamba kidole gumba, akaifuta chaki, akapiga alama upya. Nikaandika 53, nikaikata kwa mstari, nikaandika 50, na nikaziacha zote mbili zisomeke. Bomba lilipoelekezwa mlimani halikuhitaji mnyororo. Vijana wawili walilishika kwa mikono, na mdomo ukakaa juu ya mdomo.

Safari hii jaribio halikuachwa. Tulilijaza bomba maji, tukaitoa hewa yote kwa juu, maana hewa iliyobanwa hupasuka kwa nguvu nyingi na kuua, lakini maji yaliyobanwa yakipata upenyo huchirizika tu. Kisha kwa pampu ya mkono tukapandisha shinikizo mpaka kilo 12, mara moja na nusu ya mzigo wa kila siku. Mtaro tuliuacha wazi. Wanafunzi waliketi kivulini mwa ule mgunga wenye kovu la mnyororo, madumu yao kando yao, wakiutazama mshale wa saa ya shinikizo kama watu watazamao mpira. Saa moja ikapita. Mmoja akauliza kwa nini tusifungue maji tukanywa, naye akanyamazishwa na wenziwe. Saa ya pili ilipokwisha, mzee akashuka mtaroni, akaushika mshono kwa kiganja kuona kama una unyevu, akainama akasoma mshale. Kisha akaniita na mimi nishuke nisome.